Sura ya Saba: Sumu Iliyokwenda Likizo

Ilipofika saa nne asubuhi, Inspekta Vitalis Komba alikuwa amekwisha kula nusu ya ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa maharage. Polisi waliyakamata nyumbani kwa Bi Kuruthumu, Mtaa wa Mchikichi, pamoja na nazi, chumvi, kopo la bizari na sufuria, vyote vikafungwa kamba na kugongwa lakiri nyekundu kama zawadi ya harusi. Bi Kuruthumu mwenyewe naye alikamatwa. Alikuwa na zaidi ya wiki lokapu, mtaa mzima ukiapa kwamba ndiye aliyemlisha sumu mgeni aliyepanga kwake, marehemu Severine, karani wa korosho kutoka Masasi. Kesho asubuhi jalada lingekwenda mahakamani. Likishafika huko jina lake ni mauaji, na mauaji mwisho wake ni kitanzi.

"Pika," Vitalis alimwambia mapema asubuhi ile, akimwonyesha mafiga nyuma ya kituo. "Pika vilevile ulivyowapikia wageni wako. Usipunguze kitu, usiongeze kitu."

"Hata bizari mliyoikamata?"

"Hasa hiyo."

Koplo Polycarp alisimama pembeni, kofia mkononi, kama mtu aliyewahi mazikoni kabla ya maiti. "Afande, hivyo ni vielelezo!"

"Najua." Vitalis alichota kijiko kingine. "Na kielelezo hiki kimekosa chumvi kidogo."

"Hakijakosa chumvi," Bi Kuruthumu alisema toka kwenye moshi. Macho yalikuwa mekundu, lakini khanga yake ilifungwa sawasawa. "Mdomo wako ndio umeharibiwa na chakula cha kambini, mwanangu."

Vitalis alicheka hadi akapaliwa, na Polycarp akakimbilia simu akidhani sumu imeanza kazi.

Watu wa Kariakoo wana mengi ya kusema juu ya Vitalis. Wanasema aliwahi kujificha ndani ya pipa la samaki kule Feri toka Ijumaa hadi Jumatatu akimvizia mwizi wa nyavu, na alipotoka, paka wa mji mzima walimsindikiza hadi kituoni Msimbazi. Mimi sikuwepo, ila paka mmoja nilimwona. Lililo kweli bila ubishi ni kwamba kijana huyu wa Songea hakuamini kitu mpaka akiguse, na cha kulika, mpaka akile.

Alimaliza sahani, akaegemea ukuta, akasubiri kufa. Badala yake akasikia njaa.

"Sasa tuzungumze," alisema. "Siku zile nani walikula chungu hiki?"

"Waulize ambao hawakula, utamaliza haraka. Wageni wa vyumba vya mbele walikula. Mafundi wanaojenga soko jipya walikula. Hata Balozi Zahoro, huyo aliyeniita muuaji mbele ya watu, alikula na akaomba ukoko."

"Nani waliugua?"

"Severine, Mungu amrehemu. Alipokufa, siku chache baadaye nikampa chumba kilekile mwalimu Celina. Naye akaugua, yuko hospitali. Basi."

"Chumba kilekile?"

"Cha uani. Ndicho kilichokuwa wazi."

"Kina tofauti gani na vingine?"

Bi Kuruthumu alifikiri huku akikwangua sufuria. "Sakafu ya udongo. Vya mbele tulipiga saruji, saruji ikaadimika madukani kabla hatujafika nyuma. Tena kimepakana na jiko langu, ukuta wake una joto mwaka mzima. Wageni wa baridi wanakipenda."

"Nani alikaa humo kabla ya Severine?"

"Mzee Ignasi, Mgogo. Alikuja kutibiwa jicho, akakaa kwangu miezi mingi. Sasa amehamia Buguruni kwa mpwa wake, anauza ugoro pale nje ya uzio wa soko. Hakuugua hata mafua."

Vitalis alifunga vifungo vya koti. "Koplo, mrudishe mama ndani. Mpe kiti, si sakafu. Na hayo maharage yaliyobaki uyale wewe."

Polycarp alitazama sufuria. "Ni amri, Afande?"

"Ni bahati."

*

Wodini Upanga, mwalimu Celina alikuwa amejifunika hadi kidevuni, meno yanagongana. Kando yake alisimama Daktari Angelina, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa.

"Usimchoshe," alisema daktari.

"Maswali mawili tu. Mwalimu, ilikuanza vipi?"

"Kwa kichwa," Celina alisema kwa shida. "Kama mtu anapasulia kuni juu yake. Homa kali, mgongo, viungo. Ikakaa siku kadhaa, halafu ikaondoka yenyewe. Nikafua, nikafundisha. Nikasema nimepona, nikahamia kwa dada yangu hapa Upanga."

"Kwa dada ulikula chochote cha Bi Kuruthumu?"

"Hata punje. Wali wa dada tu. Na homa ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza."

Vitalis alimgeukia daktari. "Nimesoma jalada. Severine naye aliugua, akapata nafuu, akaugua tena, ndipo akafa. Niambie, Daktari, kuna sumu gani inayokwenda likizo halafu inarudi kazini bila kuitwa?"

"Hakuna." Daktari Angelina alikuwa tayari anapasha moto sindano. "Kwenye zahanati walimpima Celina damu siku ambayo homa ilikuwa imeshuka, hawakuona kitu. Hata mimi nisingeona. Lakini sasa hivi homa iko juu. Subiri."

Alitoa tone kidoleni mwa Celina, akaingia maabara, akainama kwenye hadubini. Kisha akasogea pembeni. "Tazama mwenyewe."

Vitalis alitazama. Kati ya chembe za damu zilizotulia kama sahani mezani, palikuwa na nyuzi nyembamba zilizojipinda mfano wa springi, zinajinyonganyonga, zinasukuma sahani zile huku na huku kama walevi kwenye mkahawa.

"Nani hawa?"

"Homa ya papasi. Nilipofanya kazi Dodoma niliiona kila wiki. Hapa mjini ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Papasi ndiye kupe?"

"Ndugu yake, lakini mwenye akili zaidi. Kupe wa ng'ombe anang'ang'ania mwilini siku nyingi, mchungaji anamwona, anamng'oa. Papasi hana ujinga huo. Anakaa kwenye nyufa za sakafu na za ukuta, penye ukavu na joto. Ukilala, taa ikizimwa, anakuja, anakuuma bila maumivu, anashiba kabla kahawa yako haijapoa, anarudi kwake. Asubuhi huna mtu wa kumshika."

Vitalis hakutoa jicho kwenye kioo. "Akikosa mtu wa kumuuma?"

"Anangoja. Miaka, Inspekta. Bila kula. Anajikunja kama ngozi ya kiatu, anangoja mpangaji mwingine. Na mama mwenye vijidudu hivi anawarithisha watoto wake ndani ya mayai. Mtoto wa papasi anazaliwa na silaha tayari."

"Daktari, mbona unamsifu?"

"Namwogopa," alisema akivuta penisilini kwenye bomba la sindano. "Kumsifu na kumwogopa yule mara nyingi ni kitu kimoja. Severine angepata sindano hii mapema, leo angekuwa Masasi anahesabu magunia."

Alipotoka wodini Vitalis alikuwa na jina la mshukiwa, lakini hakuwa na mshukiwa. Hakimu angesema nyuzi za kwenye kioo hazina anwani, na mwanamke wa Mchikichi ana anwani. Alihitaji kumkamata papasi mwenyewe, hai, ndani ya chumba kile, kabla jua halijazama.

*

Nje ya nyumba ya Bi Kuruthumu, ng'ambo ya barabara, Balozi Zahoro alikuwa amelala barazani kwake juu ya kitanda cha kamba. Ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi za pale, na alipenda cheo hicho kuliko chakula. Jua lilikuwa la utosi, lakini alivaa koti la sufu lililofungwa hadi shingoni.

"Karibu, Ndugu Inspekta! Mmemtia kitanzi?"

"Bado. Koti la nini, Balozi?"

"Ubaridi wa juzi tu. Kichwa kidogo."

"Na kitanda?"

"Cha marehemu!" Balozi alikipigapiga kwa upendo. "Siku tuliyomkamata yule mwanamke nilikitoa chumba cha uani, kisije kikapotea. Nakilinda mchana na usiku."

"Kwa kukilalia."

"Kitu ukikilalia hakiibiwi. Na nikwambie jambo jingine, maana naona ninyi polisi mmelala zaidi yangu. Yule mzee wa ugoro, Ignasi, nilimchungulia siku moja dirishani. Anamwaga unga toka kwenye kopo, pembe zote za chumba, huku anauzungumzisha! Ndiye mchawi wao. Mwanamke anapika, mzee anachanganya."

Polycarp alikunjua pingu. "Twende tukamchukue, Afande?"

"Hatakimbia, ana duka. Kwanza vua shati."

"Shati langu?"

"Linanukia kuliko langu. Lichukulie kama sifa."

Waliingia chumba cha uani. Vitalis alipapasa ukuta unaopakana na jiko. Majivu yalikuwa yamepoa lakini udongo ulikuwa mkavu, umepasuka kama kisigino. Alitundika blanketi dirishani, akaziba na nyufa za mlango, mpaka mchana wa Kariakoo ukabaki nje pamoja na kelele zake. Aliazima maji ya moto kwa jirani, akajaza chupa, akaivisha shati la koplo, akailaza sakafuni mfano wa mtoto.

"Mtu aliyelala ana vitu viwili," alimnong'oneza Polycarp. "Joto na jasho. Vyote tumempa mgeni wetu. Sasa tutoke tumwache apumzike."

Walikunywa kahawa kibarazani, Polycarp na fulana yake yenye matundu, wapita njia wakimwuliza kama ameibiwa. Vitalis alikunywa kikombe cha pili taratibu. Kisha wakaingia kimyakimya, wakawasha tochi.

Polycarp aliita jina la mama yake.

Walikuwa wanakuja. Toka nyufa za sakafu, toka chini ya ukuta wa jiko, rangi ya vumbi, bapa, ngozi imekunjamana kama zabibu kavu zilizoota miguu. Hawakukimbia wala kusukumana. Wengine walikuwa wameshapanda kwenye kola ya shati wakitafuta mahali pa kukaa.

Vitalis alipiga magoti, akawatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kisheria.

"Nimekamata wezi wengi, Koplo. Wengine wamevunja benki. Lakini wote walikuwa na kasoro moja, walikuwa na haraka. Tazama hawa." Alinyanyua mmoja kwa kibanio, akamtia kwenye chupa ya kioo pamoja na wenzake wawili. "Aliingia nyumba ya watu bila funguo, akaua, akabaki palepale chini ya viatu vya polisi waliokuja kupekua. Na sisi tukakamata maharage."

Akampigia saluti. Polycarp, ambaye hakujua afanye nini, naye akapiga, akiwa na fulana tu.

Walipotoka, Vitalis alivuka barabara moja kwa moja. "Shuka hapo, Balozi."

"Nakilinda."

"Koplo, kichukue. Kimwagie maji yanayochemka kwenye kila kiungo. Balozi, ukianza kutetemeka nenda Upanga kwa Daktari Angelina, usingoje."

"Nitetemeke mimi?" Balozi alisimama, miguu ikimkataa kidogo. "Nikitetemeka itakuwa kwa hasira!"

*

Soko jipya lilikuwa linainua miavuli yake ya zege juu ya mabati ya uzio, na wafanyabiashara waliotolewa ndani walijipanga nje kando ya mabati hayo. Mzee Ignasi alikaa mwisho kabisa, ugoro mbele yake umepangwa katika vifuko vidogo, jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkali au wa kawaida?"

Vitalis aliweka chupa mbele yake. Mzee aliinua, akaileta karibu na jicho zima, akaigeuza juani. Uso wake ukakunjuka kama mtu aliyepata habari za nyumbani.

"Wamekonda," alisema.

"Unawajua?"

"Ni wa kwangu."

Polycarp, ambaye sasa alikuwa amevaa shati lake kwa mashaka makubwa, alishika pingu. Vitalis alimzuia kwa kidole, akachuchumaa. "Nieleze, mzee. Taratibu."

"Kuna nini cha kueleza? Ukoo wetu, mtu akisafiri safari ndefu anachota udongo wa chini ya kitanda chake, na wao wamo. Wanakuuma kidogo kidogo, mwili hauisahau homa. Usipofanya hivyo, siku ukirudi, homa ya kwenu inakuangusha kama mgeni. Baba alifanya, na babu. Mimi nikaja kutibiwa jicho, nikachota."

"Ukawamwaga pembeni mwa chumba."

"Hawapendi katikati. Niliwaambia wakae vizuri, jiko la mama yule linawapa joto kama kwetu." Aliirudisha chupa chini polepole. "Nilipokuwa huku, kijiji chetu kikahamishwa. Nyumba ya zamani imebomolewa, ndugu zangu wako kwenye nyumba mpya kando ya barabara. Mtoto ameniandikia, sakafu mpya haina kitu. Nikasema basi, waliobaki wa nyumba yangu ni hawa."

"Ulipohamia Buguruni kwa mpwa wako, uliwaacha?"

"Niliwachukua walioitikia. Wengine walikuwa wamezoea pale." Mzee alitoa kopo la chuma chini ya mfuko wa ugoro. "Hawa sijawafungulia. Mpwa ana sakafu ya saruji, hawataki."

Vitalis alilipokea kopo lile kwa mikono miwili, akakiangalia kifuniko chake kama mtu anayeangalia pini ya bomu. Buguruni nzima, na vyumba vyake vya kupanga vilivyobanana ukuta kwa ukuta, ilikuwa imeokolewa na mfuko mmoja wa saruji.

"Mzee, ulichosema juu ya mwili wako ni kweli, na daktari atakwambia ni kweli. Lakini hawa hawajui nani mwenyeji na nani mgeni. Severine, yule karani, alilala chumba kile baada yako."

Mkono wa Mzee Ignasi ulipapasa vifuko vya ugoro, kimoja kimoja, mpaka wa mwisho.

"Nilimwachia kitanda changu," alisema. "Nilimwambia ni kizuri, kina kamba mpya."

"Amekufa. Na Bi Kuruthumu yuko lokapu. Kesho anasomewa mauaji."

Mzee alianza kukunja turubai lake. Alimpa mteja aliyekuwa anasubiri fuko zima la ugoro bila kumdai, akashika fimbo. "Basi mbona umekaa? Nipeleke nikaseme."

*

Alisema. Alisema mbele ya mkuu wa kituo, mbele ya Daktari Angelina aliyekuja na kioo chake cha damu, na mbele ya chupa ya papasi iliyowekwa mezani mahali palipokuwa na sufuria. Mkuu wa kituo alisikiliza, akauliza kama kifuniko kimekazwa, akasogeza kiti nyuma. Jalada la mauaji likafungwa. Mzee Ignasi hakufungwa. Sheria haikuwa na kifungu cha mtu aliyesafiri na wenyeji wake, na Vitalis hakuwa na hamu ya kukitafuta.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka Bi Kuruthumu alipotelemka kwenye Landrova, Mtaa wa Mchikichi, akiwa ameshika sufuria yake kama mtoto aliyerudishiwa. Mzee Ignasi na Daktari Angelina walishuka nyuma yake. Lakini hakuna aliyewatazama. Umati ulikuwa barazani kwa Balozi Zahoro.

Balozi alikuwa chini kwenye mkeka, koti la sufu na mablanketi juu yake, anatetemeka hadi kofia inacheza kichwani.

"Amelishwa!" kijana mmoja alipiga kelele. "Balozi naye amelishwa sumu!"

"Na nani?" Vitalis aliuliza.

"Na Kuru..." Kijana alimwona Bi Kuruthumu amesimama na sufuria. Akaona na askari waliomleta.

"Malizia," alisema Vitalis. "Mama huyu amekuwa lokapu wiki na zaidi. Maharage yake alikula mkaguzi wa polisi, na mengine koplo, tena akaramba mwiko. Balozi amelala wiki nzima juu ya kitanda cha marehemu. Nani amemlisha nani?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, mkewe akamfinya.

Vitalis aliwaeleza kwa kifupi juu ya papasi, sakafu na sindano. Aliwaambia chumba kile kitachimbuliwa kesho na bwana afya atakuja na dawa, na saruji itapatikana hata kama itabidi aivizie ndani ya pipa. Aliwaambia pia papasi walifikaje pale. Macho yakaanza kumwendea Mzee Ignasi, na watu wawili watatu wakasogea.

Bi Kuruthumu aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Huyu ni mpangaji wangu. Alikosea bila kujua, akaja mwenyewe kunitoa. Ninyi mlijua nini, mkaja na kamba kunifunga mimi? Anayemtaka apite kwangu."

Hakuna aliyepita. Waliujua mdomo wake, na sufuria ilikuwa bado nzito.

Daktari Angelina alikuwa ameshapiga magoti kando ya Balozi na sindano. Alipomaliza alisema mgonjwa atatetemeka zaidi kidogo kabla hajatulia, na kwamba apewe kitu cha moto. Wanawake wakatazamana. Bi Kuruthumu ndiye aliyeingia ndani kwake, akawasha jiko lililokaa baridi tangu akamatwe, na baada ya muda akatoka na bakuli la uji.

Akalishika mbele ya Balozi. Balozi alilitazama bakuli, akamtazama yeye, akamtazama Inspekta kwa macho ya mtu anayeomba wakili.

Vitalis alichukua bakuli, akapiga funda moja, akatafakari.

"Umekosa sukari kidogo," alisema.

"Haujakosa," alisema Bi Kuruthumu. "Nilishakwambia, mdomo wako ndio mbovu."

Balozi Zahoro akanyoosha mikono miwili inayotetemeka, akanywa uji wote bila kupumzika, akarudisha bakuli, na kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake, akaomba ukoko.